Katika Mafaili ya Wengine: Historia ya Akili za Watoto wa Taita Taveta

Mwaka 1950 wanaanthropolojia wawili, Alfred Harris na mkewe Grace, walipanda milima ya Taita wakapata mahali pa kukaa miongoni mwa Wadawida, yaani Wataita wa milima hiyo, wakabaki huko hadi 1952. Hawakwenda kutafuta habari za afya ya akili, sembuse ya watoto. Walitaka kujua koo, mashamba na dini. Lakini anayetaka kuandika historia ya huduma za akili na makuzi kwa watoto na familia za Taita Taveta hana budi kuanzia kwenye madaftari yao, kwa sababu faili lenye kichwa hicho halipo. Kwa zaidi ya miaka mia moja habari za watoto hawa zimewekwa chini ya vichwa vingine: dini, vita, malaria, elimu, ruzuku. Ni huko zinakofukuliwa.

Grace Harris alikuja kuchapisha kitabu kuhusu dini ya Wataita mwaka 1978, Casting Out Anger, na kiini chake ni hasira. Kwa Wadawida wa wakati huo, uchungu uliofichwa moyoni mwa ndugu haukuwa jambo la mtu binafsi. Baba aliyedharauliwa na mwanawe, mama mkwe aliyenyimwa heshima yake, mjomba aliyerukwa zamu yake ya kupewa haki: kila mmoja wao aliweza kubeba kinyongo, na kinyongo hicho kikamwangukia mtu mwingine kabisa. Mara nyingi kilimwangukia mtoto. Mtoto hakunyonya vizuri, alilegea, alishikwa na degedege, na wazee wakauliza: nani ana hasira katika nyumba hii?

Dawa yake ilikuwa kutasa. Mwenye kinyongo alipiga funda la pombe au maji ya muwa, akalipuliza kwa midomo kama manyunyu, akasema maneno ya kuitoa hasira na kuomba heri: ubaya uondoke, afya irudi, mtoto akue. Hakufanya hivyo gizani. Ndugu walikuwapo, wakasikia. Aliyekuwa na uchungu alipata nafasi ya kuutaja mbele ya watu bila kuaibika, na aliyemuudhi akapata nafasi ya kutengeneza. Mimi sioni haja ya kuipamba desturi hii. Mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo hakuinuka akatembea kwa sababu babu yake amepuliza pombe. Lakini tazama nani aliyekuwa mgonjwa katika hesabu ile. Nyumba nzima ndiyo iliyotibiwa, na wataalamu wa leo wa ushauri nasaha wa familia hutoza ada nzuri kwa kazi inayokaribiana na hiyo.

Jambo la pili aliloliandika Grace Harris, katika makala ya mwaka 1957, ni saka. Huu ulikuwa mshtuko uliowapata wanawake, hasa walioolewa. Mwanamke alianza kutetemeka mabega na kichwa, macho yakakaza, wakati mwingine akapoteza fahamu, na kilichomwamshia hayo kingeweza kuwa mlio wa gari, harufu ya sigara au kitu alichokitamani asikipate. Waliopatwa walichezewa ngoma, wakapewa walichokitaka, na wengine walijiunga na Ukristo ili wapone. Mwandishi aliona kwamba wanaume ndio waliokuwa na mashamba, mifugo na mishahara ya mjini, ilhali wanawake waliviona vitu vipya vikipita tu. I. M. Lewis, katika kitabu chake Ecstatic Religion cha mwaka 1971, aliichukua saka ya Taita kuwa mfano wa njia ambayo wanyonge huipata ili wasikilizwe. Ninachotaka msomaji akishike ni hiki: maandishi ya mwanzo ya kitaalamu kuhusu akili katika milima ile ni habari za mama. Watoto waliokuwa wamekaa pembeni wakimtazama mama yao akianguka hawamo.

Hawamo pia katika kumbukumbu za waliotangulia. J. A. Wray wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, alifungua misheni Sagalla mwaka 1883, na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafika Bura mwaka 1892. Walileta kitabu, dawa na darasa. Kufikia 1898 reli ya Uganda ilikuwa imeshapita Voi na wajenzi wake wakihangaika na simba wa Tsavo, habari ambayo imeandikwa na kuigizwa mpaka ikachosha. Habari ya Kasigau haijachosha mtu kwa sababu wachache wanaijua. Mwaka 1915, Wajerumani walipovamia upande huo wa Taita kutokea Tanzania ya leo, Waingereza waliwashuku Wakasigau kuwa wamewasaidia maadui. Nyumba zao zikachomwa na watu wakahamishwa kwa nguvu, wazee kwa watoto, hadi Malindi. Wengi walikufa huko kwa njaa na maradhi. Waliosalia hawakurudi mlimani kwao mpaka miaka ya 1930.

Leo jamii ikipatwa na msiba kama huo, mashirika yangefika na mahema na washauri wa watoto. Wakati ule kilichofika Taita kwa ajili ya vita ni reli nyingine, ya kutoka Voi kwenda Taveta, iliyojengwa kuwapeleka askari mbele. Kizazi kizima cha Kasigau kilizaliwa na kulelewa uhamishoni, na katika rekodi za serikali jambo hilo ni la kijeshi.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na mahali pamoja tu pa wagonjwa wa akili. Mwaka 1910 kambi ya kutengea wagonjwa wa ndui nje kidogo ya Nairobi iligeuzwa kuwa hifadhi ya wendawazimu. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Kutoka Voi ni zaidi ya kilomita 300. Sheria iliyompeleka mtu huko ilihusu usalama wa wengine: aliyerusha mawe, aliyechoma banda, aliyetembea uchi sokoni. Mtoto asiyesema akiwa na miaka minne hakuwa hatari kwa mtu yeyote, basi sheria haikumwona. Alibaki jikoni kwa nyanya yake.

Na huenda hiyo ilikuwa nusura yake, maana waliokuwa Mathari katika miaka hiyo walikuwa na mawazo yao kuhusu akili ya mtoto Mwafrika. H. L. Gordon, daktari aliyekuwa akihudumu huko mwanzoni mwa miaka ya 1930, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya una upungufu wa kuzaliwa nao, akatilia shaka faida ya kumpa elimu ya Kizungu. Mwaka 1933 yeye na wenzake walianzisha Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Waliomba fedha London kwa ajili ya utafiti mkubwa wa akili za Waafrika, na London haikuwapa. Aliyesimamia Mathari baadaye, J. C. Carothers, aliwahesabu Waafrika walioingizwa hospitalini kati ya 1939 na 1943, akahitimisha kwamba wazimu ni haba kwa Mwafrika anayeishi kijijini kwake kuliko kwa yule aliyetoka kwenda kuajiriwa. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika mwaka 1953. Kosa lake linaonekana kwa jicho la mtu yeyote aliyewahi kupanda kutoka Voi kwenda Wundanyi kwa miguu: alihesabu waliofika langoni kwake. Mgonjwa wa Taita aliyekuwa akifanyiwa kutasa hakuwa na sababu ya kwenda kumsalimia daktari Nairobi.

Sasa twende Taveta, kwa sababu huko ndiko lilikofanyika jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilizilinda akili za watoto wa wilaya hii kuliko hospitali yoyote ya akili ya karne ile.

Mwaka 1954 taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao Amani kule Tanganyika chini ya D. Bagster Wilson, ilianza mradi ulioitwa wa Pare na Taveta. Eneo lake lilivuka mpaka: Taveta kwa upande wa Kenya, Upare wa Kusini kwa upande wa pili. Wapuliziaji waliingia nyumba kwa nyumba na bomba mgongoni, wakalowesha kuta za ndani kwa dieldrini, dawa ambayo leo imepigwa marufuku karibu duniani kote. Mbu ana tabia ya kutua ukutani akishashiba damu. Akitua juu ya dawa, hafiki nyumba ya pili. Aina moja ya mbu waenezao malaria, Anopheles funestus, ilitoweka kabisa katika nyumba zilizopulizwa. Upuliziaji ulikoma 1959.

Waliohesabu walihesabu vyema. Walichukua damu ya watoto vidoleni, wakapapasa matumbo kuona kama wengu umevimba, wakaandika vizazi na vifo. Vifo vya watoto wachanga vilishuka sana. Kilichowashangaza ni kwamba baada ya dawa kukoma na mbu kurudi, vifo havikurudi vilikokuwa. Wataalamu wamebishana kwa nini. Huenda vidonge vya malaria vilikuwa vimeanza kupatikana madukani na zahanatini, huenda hali ya maisha ilikuwa imebadilika.

Lakini mtoto asiyekufa kwa malaria kali si lazima atoke hivi hivi. Vimelea vikiziba mishipa midogo ya ubongo, mtoto huzimia, hushikwa na degedege zisizokatika, na akiamka baada ya siku mbili tatu huenda asiwe yule aliyelala. Maneno aliyokuwa nayo yamepungua, mguu mmoja unaburuzwa, au kifafa kimeanza. Ilibidi tusubiri watafiti wa Kilifi kwenye karne hii wapime jambo hilo kwa makini, na walikuta kwamba katika watoto waliopona malaria ya ubongo, takriban mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu fulani wa makuzi. Ukilijua hilo, unaisoma upya hesabu ya Taveta. Kila degedege iliyozuiwa na ukuta uliopulizwa ilikuwa huduma ya akili kwa mtoto. Katika ripoti inaitwa udhibiti wa mbu.

Uhuru ulileta kamati. Mwaka 1964 iliundwa ya kuangalia matunzo na marekebisho ya walemavu, chini ya Ngala Mwendwa, na mwaka 1968 serikali ikatoa waraka wake wa sera juu ya mapendekezo hayo. Chama cha walemavu wa viungo, APDK, kilikuwa kimeanzishwa 1958. Kwa watu wa Pwani huduma zilijikusanya Mombasa: karakana za Bombolulu kuanzia 1969, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo Port Reitz, shule ya Tom Mboya ya watoto wenye mtindio wa ubongo, na kitengo cha wagonjwa wa akili Port Reitz. Ni mahali pazuri pote hapo, ila ni kilomita kama 150 kutoka Voi, na mtoto asiyeweza kukaa wima huwezi kumbeba mgongoni akiwa na miaka saba, ukampandisha basi la alfajiri, ukarudi naye jioni, kila wiki. Mama anayefanya kibarua katika shamba la mkonge la Mwatate au la Voi hulipwa kwa siku aliyofanya kazi. Siku ya fizio Mombasa ni siku bila mshahara, juu ya nauli.

Familia za Taveta zilipata njia yao. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa Moshi, Tanzania, mwaka 1971, ilikuwa karibu nao kuliko Mombasa mara nne au zaidi. Wengi wana ndugu ng'ambo ya mpaka wa Holili, na ugonjwa haukujua mpaka. Kwa hiyo sehemu ya historia ya watoto wa kaunti hii imelala katika kabati za hospitali ya nchi nyingine.

Katika miaka hiyo ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizunguka miji tisa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, akitafuta watoto wenye usonji. Makala yake ya 1978 ilisema aliwapata, ingawa wachache. Alitafuta katika taasisi za mijini, kwa watoto waliokuwa tayari wameshikwa mkono na mtu akawafikisha huko. Ni ugonjwa uleule wa hesabu aliokuwa nao Carothers. Mtoto wa Mbololo aliyekuwa akizungusha kifuniko cha sufuria kutwa nzima, asiyejibu akiitwa jina lake, hakuwa katika taasisi yoyote. Jirani zake walisema ni mtoto mkimya.

Aliyefika kwake hatimaye alikuwa mwalimu.

Mwaka 1984 wizara ya elimu, kwa msaada wa serikali ya Denmark, ilianza kufungua vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza kielimu, ambavyo walimu wengi hadi leo huviita kwa herufi zake, EARC. Mwaka 1986 Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, ikaanzishwa Nairobi ili kufundisha walimu wa kazi hiyo. Mpango ulikuwa kushuka wilayani, na huo ndio uliokuwa upya wake. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa na mtumishi ambaye kazi yake ilikuwa kumtafuta mtoto, badala ya kungoja aletwe.

Kazi yenyewe haikuhitaji mashine kubwa. Mwalimu mpimaji humketisha mama mkabala naye na kumwacha mtoto acheze chini. Anauliza mimba ilikuwaje, uchungu ulichukua muda gani, mtoto alilia mara tu alipozaliwa au alikaa kimya. Aliwahi kugeuka manjano? Aliwahi kushikwa na degedege, mara ngapi, alikuwa na miezi mingapi? Alikaa lini, alisimama lini, neno lake la kwanza lilikuwa lipi? Wakati wanaongea, anatikisa kitu chenye mlio nyuma ya sikio la mtoto bila kuonekana, akitazama kama shingo itageuka. Anampa shanga na uzi, vibao vya kupanga, vitu vya rangi mbili vya kutenganisha. Anamwomba afungue kifungo cha shati. Mwisho anaandika: huyu anasikia ila haoni vizuri, aende kwa daktari wa macho, huyu aende kitengo maalum, huyu shule ya kawaida inamfaa ila akae mbele.

Mama wengi walisikia hapo, kwa mara ya kwanza, sentensi kamili kuhusu mtoto wao kutoka kwa mtu wa serikali. Hili si jambo dogo. Baada ya miaka ya kuulizwa umefanya nini au ni nani aliyekuroga, mtu anakuuliza mtoto alilia alipozaliwa. Ugumu ulianza baada ya karatasi hiyo. Vitengo vilikuwa vichache, mwalimu mmoja akipewa watoto wenye mahitaji yasiyofanana hata kidogo katika chumba kimoja. Na mwalimu ni mwalimu. Kifafa hakitibiki kwa shanga, na mtoto aliyepimwa akiwa na miaka minane au tisa, wakati wa kuanza shule umeshampita, amepoteza ile miaka ambayo ubongo hujirekebisha kwa wepesi zaidi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, watoto wengi zaidi walitolewa nyumbani, na mlolongo ukarefuka.

Sheria kwa upande wake ilikuwa inatambaa. Ile ya kikoloni ya mwaka 1949 ilidumu hadi Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyoanza kutumika 1991. Hiyo ilimtaja aliye chini ya miaka 16 kwa namna ya kumlaza hospitalini: mzazi au mlezi aandike ombi. Kwamba mtoto anaweza kuhitaji msaada bila kulazwa kabisa, hilo halikuwasumbua sana walioiandika.

Kilifi, jirani zetu wa Pwani, ndiko elimu mpya ilikotoka. Kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kilianza huko mwaka 1989 kwa ajili ya malaria hasa, na malaria ikawafikisha watafiti kwenye ubongo. Mwaka 2006 walitangaza matokeo ya kuwapima watoto wa miaka sita hadi tisa vijijini: katika kila watoto 1,000, 61 walikuwa na upungufu wa neva wa kiasi cha kati au mkubwa, na kifafa kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyojitokeza zaidi. Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha makuzi kwa watoto wa miezi sita hadi 35, kinachobeba jina la Kilifi, kwa sababu vipimo vya Ulaya vilikuwa vinamwonyesha mtoto wa Pwani vitu asivyowahi kuviona kisha vinamwandika mjinga. Chanjo nayo ilifanya kazi yake kimyakimya. Tangu chanjo dhidi ya bakteria wa Hib ilipoingizwa nchini mwaka 2001, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na vijidudu hivyo, iliyokuwa ikiacha watoto viziwi au na akili iliyojeruhiwa, karibu itoweke Kilifi.

Watafiti hao wa Pwani waliwauliza pia wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa kuhusu usonji, na katika makala ya mwaka 2015 majibu yao yanasomeka pamoja: pepo, uchawi, laana, na pembeni yake maambukizi, uzazi mgumu, urithi. Watu wale wale hushika dawa ya hospitali na ya mganga kwa mpigo. Mlima wa Taita ungekubaliana nao. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kutasa iligawa lawama kwa ukoo na kuweka njia ya kuimaliza. Laana ya siku hizi, iliyopita mikononi mwa wahubiri wa mahema na waganga wa mabango barabarani, humwangukia mama peke yake, na humaliziwa na baba kuhama nyumba.

Mwaka 2011 ruzuku ilianza kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa saa zote: shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mama aliyeacha kazi ili amtunze mtoto, fedha hiyo ilinunua unga na sabuni, na ilimwingiza mtoto katika orodha ya serikali kwa jina lake. Kisha ikaja sensa ya 2019. Taita Taveta ilihesabiwa kuwa na watu 340,671. Swali la ulemavu liliulizwa kwa walio na miaka mitano na kuendelea tu. Watoto wadogo, wale ambao msaada ungewafaa zaidi, walihesabiwa kama midomo, lakini hali zao hazikuulizwa.

Ugatuzi wa 2013 uliihamishia kaunti hospitali ya Moi ya Voi, Wesu mlimani na Taveta, pamoja na zahanati zote. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilitoa ripoti mwaka 2020 likitaka ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 ikazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo karibu na watu. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini kote, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa na orodha ya nyumba za kutembelea.

Kenya ina madaktari bingwa wa akili kama mia moja, wengi wao Nairobi, na wa watoto ni wa kuhesabu kwa vidole. Kusubiri mmoja ahamie Voi ni kurudia kosa la Mathari kwa sura ya kisasa. Kazi ya mwanzo haimhitaji yeye. Inamhitaji muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, kwa kuwa huko ndiko mtoto anakofikishwa na mama yake mwenyewe kabla hajatimiza mwaka, bila sheria, bila mwalimu na bila mganga.

Kijitabu cha kliniki ambacho kila mama wa Kenya hupewa kina ukurasa wa hatua za makuzi. Unasema mtoto hutabasamu akiwa na wiki nne hadi sita, hukaa kati ya miezi mitano na tisa, hutembea kati ya 12 na 18. Mara nyingi ukurasa huo hubaki mweupe, ilhali ule wa uzito na chanjo umejaa wino. Na ziara ya miezi 18, ya chanjo ya pili ya surua, ndiyo mama wengi wanaiacha, wakiamini kwamba mtoto ameshamaliza kliniki alipochanjwa ya miezi tisa. Ndiyo ziara ambayo mtoto asiyetembea, asiyegeuka akiitwa au asiye na neno hata moja angeonekana mapema.

Kwa hiyo, mzazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta: mpeleke mtoto kliniki ya miezi 18 hata kama ana afya, fungua ukurasa huo mbele ya muuguzi, na usiondoke mpaka ameujaza.